Mtungi wa gesi umeniunguza: nimdai nani, na nithibitishe nini?

Swali, kutoka kwa msomaji wa Kisauni, Mombasa:

"Mume wangu alinunua mtungi wa gesi wa kilo 6 duka la mtaani, akalipa kwa M-Pesa. Siku ya tatu, nilipowasha jiko, moto ulitoka shingoni mwa mtungi, chini ya bana, kile kichwa cha jiko kinachofungwa juu ya mtungi. Nimeungua mikono yote miwili na jikoni kumeteketea. Mwenye duka asema yeye ni mchuuzi tu, ila nikimrudishia mtungi ulioungua atanipa mpya. Kampuni yenye jina kwenye mtungi yasema haukujazwa kwao. Nimesoma mtandaoni kwamba kwa bidhaa mbovu mtengenezaji hulipa hata kama hakukosea, kwa hivyo nikionyesha nimeumia yatosha. Ni kweli? Na je, nina haki ilhali aliyenunua ni mume wangu?"

Jibu:

Pole sana, dada. Haki ya kudai unayo, hata kama pesa hazikutoka kwako. Lakini hayo uliyoyasoma ni nusu ya habari. Pale ambapo sheria inambebesha mtu dhima bila kosa, yaani wajibu wa kulipa hata kama hakukosea, mdai anaondolewa kazi moja tu: ya kuthibitisha kwamba mwenzake alizembea. Kwa kawaida kazi tatu zinabaki palepale. Uonyeshe kwamba kitu kilikuwa na kasoro. Kwamba kasoro ilikuwapo tangu kilipotoka mikononi mwa huyo unayemdai. Na kwamba ni kasoro hiyo iliyokuunguza, si jambo jingine. Kidonda peke yake hakithibitishi hata moja kati ya hayo matatu. Madai ya mitungi hukwama zaidi kwenye lile la pili, kwa sababu mtungi hupita mikono mingi: mwenye chapa, kituo cha kujazia, msambazaji, duka, bodaboda, kisha jikoni kwako.

Maelezo mengi yaliyoko mtandaoni yanahusu Marekani. Huko, katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1944, mhudumu wa mkahawa huko California alikuwa amepasukiwa na chupa ya soda mkononi, na jaji mmoja, Traynor, akaandika kwamba kampuni inayotia bidhaa sokoni ibebe hasara hata bila uzembe kuthibitishwa. Wenzake hawakufika mbali kiasi hicho. Mwaka 1963 mahakama ileile iliukubali msimamo huo katika kesi ya Greenman. Mke alimnunulia mumewe mashine ya useremala kama zawadi, kipande cha mti kikachomoka na kumpiga mume kwenye paji la uso. Tazama jinsi inavyofanana na yenu, ila mambo yamegeuzwa: mke alinunua, mume akaumia, na mume akalipwa. Ulaya ilitoa mwongozo wake mwaka 1985, na Uingereza ikatunga sheria mwaka 1987. Lakini hata huko kote, ungebidi uthibitishe kwamba mtungi ulikuwa mbovu na kwamba ubovu huo ndio uliokuunguza; Ulaya na Uingereza ndizo zinazomwachia mtengenezaji kazi ya kuonyesha kwamba kasoro haikuwapo alipoutoa.

Kenya haikuyakusanya mambo haya katika sheria moja. Yametawanyika, na kila kipande kina masharti yake, kwa hivyo inabidi tujue kwanza nani anamdai nani.

Tuanze na mumeo na duka, kwa sababu hapo ndipo sheria ilipo kali kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, inaingiza katika mauzo ya namna hii sharti ambalo halikuandikwa popote: kitu kiwe na ubora wa kuuzika, na kama mnunuzi alieleza anakitaka cha nini, kifae kwa kazi hiyo. Sharti hilo halimuulizi muuzaji kama alijua. Halimuulizi kama angeweza kujua. Mwaka 1905 huko Uingereza muuzaji wa maziwa alihukumiwa kulipa kwa sababu maziwa yake yalikuwa na vijidudu vya homa ya matumbo, ingawa kwa ujuzi wa wakati ule hapakuwa na namna ya kuvigundua. Kwa hivyo "mimi ni mchuuzi tu" si utetezi mbele ya mnunuzi wake. Mchuuzi akishalipa, ana haki ya kumgeukia aliyemuuzia, na huyo naye amgeukie wa juu yake, mpaka mzigo ufike penye kosa.

Huenda mwenye duka akaja na hoja nyingine: kwamba mumeo alinunua gesi tu, mtungi wenyewe ni wa kampuni na hubadilishwa. Hoja hiyo ni kongwe. Katika kesi ya Geddling na Marsh ya mwaka 1920, chupa ya soda ya kurudishwa ilipasuka na kumjeruhi mwanamke mwenye duka. Mahakama ilisema chupa imetolewa chini ya mkataba wa mauzo pamoja na kinywaji, na sharti la ubora linaigusa hata kama itarudi kiwandani. Kwa mtungi hoja ina nguvu zaidi, maana gesi haichukuliki ndani ya sufuria.

Kikwazo ni kwamba sharti hilo ni la mnunuzi. Ni mkataba, na wewe hukuwa kwenye mkataba. Kesi inayofanana na yenu kabisa ni ya Daniels dhidi ya R. White, mwaka 1938. Mume alinunua chupa ya limonadi kwenye baa, akanywa yeye na mkewe, kumbe ndani mlikuwa na asidi ya kaboliki. Mume alilipwa na mwenye baa, ingawa mwenye baa hakuwa na hatia yoyote, kwa sababu alimuuzia yeye. Mke ilibidi amdai mtengenezaji kwa uzembe, na akashindwa: kiwanda kilionyesha utaratibu mzuri wa kuosha na kujaza chupa, na jaji akaridhika. Watu wawili, chupa moja, matokeo mawili.

Hukumu ile imelaumiwa sana, na kwa haki. Kama utaratibu ni mzuri na bado asidi imeingia, basi kuna mfanyakazi aliyekosea, na mwajiri hubeba kosa la mfanyakazi wake. Mwaka 1978 jaji mwingine wa Uingereza alikataa kuifuata kwa sababu hiyohiyo. Hata hivyo wakili wa kampuni ataitaja, kwa hivyo wakili wako asikutane nayo kwa mara ya kwanza siku ya kusikilizwa.

Mumeo anaweza, kwa jina lake, kudai zile gharama alizotoa yeye kwa ajili ya matibabu yako, pamoja na thamani ya vitu vyake vilivyoungua. Mwaka 1903, mume aliyenunua chupa ya mpira ya maji ya moto iliyopasuka na kumbabua mkewe alirudishiwa gharama za kumtibu. Maumivu yako na makovu yako lakini ni dai lako.

Sasa wewe. Njia yako ya kwanza ni uzembe. Tangu hukumu ya Donoghue na Stevenson ya mwaka 1932, ile ya konokono ndani ya chupa, mtengenezaji ana wajibu kwa mtumiaji wa mwisho hata kama hawajawahi kuonana, na mahakama za Kenya zinaufuata msingi huo. Huhitaji kumtaja mfanyakazi aliyekosea. Katika kesi iliyoripotiwa mwaka 1936, daktari mmoja huko Australia alivaa nguo za ndani za sufu zilizobakia na kemikali ya kiwandani, akapata ugonjwa mkali wa ngozi. Majaji walisema kemikali kuwepo pale kunatosha kukisia uzembe, na kiwanda ndicho kijieleze. Wanasheria huita hali hiyo jambo linalojieleza lenyewe.

Ila mwaka huohuo wa 1936 kuna Evans dhidi ya Triplex. Kioo cha mbele cha gari kilivunjika chenyewe mwaka mmoja baada ya kununuliwa, na mdai akashindwa, kwa kuwa kingeweza kuwa kilibanwa vibaya wakati wa kufungwa, au kuguswa na wengine njiani. Hapa ndipo kampuni ya mtungi inapoelekea inaposema "haukujazwa kwetu". Haimaanishi kwamba mtungi ni mzima. Inasema kwamba mtu mwingine aliuingilia kati.

Na huenda ni kweli. Kanuni za gesi ya kupikia za mwaka 2019 zinakataza kujaza mtungi wa chapa ya mwingine bila idhini yake ya maandishi, lakini ujazaji wa vichochoroni haujaisha. Unavyoharibu ni hivi. Lita moja ya gesi iliyo majimaji ina uzito wa nusu kilo na zaidi kidogo, kwa hivyo kilo 6 hukaa kama lita 11 au 12 ndani ya mtungi. Juu yake lazima pabaki nafasi tupu, karibu sehemu moja ya tano ya mtungi, kwa sababu majimaji hayo hutanuka sana yakipata joto. Mwenye kujaza bila mizani anayejaza kupita kiasi anaila nafasi hiyo. Mtungi ukikaa juani au karibu na jiko, majimaji hukosa pa kwenda na shinikizo hupanda ghafla. Tena mjazaji wa vichochoroni hakagui vali wala washa ya mpira, yaani pete ya kuzibia, iliyo shingoni. Washa iliyokauka au iliyopasuka huvujisha pale pale ulipouona moto wako. Na kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa, huteremka na kutanda sakafuni badala ya kupaa, ndiyo maana mtu anaweza asiisikie harufu vizuri akiwa amesimama.

Kila moja ya sababu hizo inaelekea kwa mtu tofauti. Vali yenye hitilafu ya kiwandani inaelekea kwa mwenye chapa na aliyeitengeneza. Uzito uliopitiliza unaelekea kwa aliyejaza. Uzi wa bana ulioliwa unaelekea kwa aliyeleta bana, au kwenu wenyewe kama ni ya zamani. Kama iligundulika mlisikia harufu tangu siku ya kwanza mkaendelea kuwasha, Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, inairuhusu mahakama kupunguza fidia kwa kadiri ya kosa lenu. Inapunguza, haifuti.

Njia yako ya pili ni sheria za watumiaji. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na haki ya kulipwa fidia kwa hasara au jeraha lililotokana na kasoro. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 imemtafsiri mtumiaji kwa upana: aliyetumia bidhaa anahesabiwa hata kama hakuwa mmoja wa waliofanya mapatano ya kuinunua. Wewe umo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 nayo, kifungu cha 64, inazungumzia dhima ya bidhaa zenye kasoro zilizoleta jeraha na hasara. Zote ziandikwe kwenye hati ya madai. Lakini nisingeziacha zisimame peke yake bila dai la uzembe, kwa sababu majaji wamezoea zaidi njia ile ya zamani na wana hukumu nyingi za kupimia.

Kuna kanuni nyingine ya dhima bila kosa ambayo utaisikia: Rylands na Fletcher, ya mwaka 1868, ya bwawa lililovujia mgodi wa jirani. Ni sehemu ya sheria ya Kenya kwa urithi, kwani tulipokea sheria ya desturi ya Kiingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Kwako haifai. Inataka kitu cha hatari kilichokusanywa kwenye ardhi ya mtu kitoroke kwenda nje, na mtungi wako uliwaka ndani ya jikoni lako mwenyewe. Ingefaa zaidi kwa majirani wa mlipuko wa gesi wa Embakasi wa tarehe 1 Februari 2024, ambapo moto ulitoka mahali gesi ilipokuwa na kuingia majumbani mwa watu. Hata hapo, Uingereza siku hizi haikubali kanuni hiyo itumike kudai majeraha ya mwili. Mahakama zetu hazifungwi na msimamo huo, ila zitaambiwa.

Basi umdai nani? Duka ni rahisi kulishinda, lakini linaweza kuwa halina cha kukulipa, na hukumu dhidi ya asiye na kitu ni karatasi. Kampuni inacho, lakini ina mlango wa kutokea. Usichague. Amri ya 1, kanuni ya 7 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010 inamruhusu mdai asiyejua kwa hakika ni nani anayepaswa kumlipa kuwaunganisha wote katika shauri moja. Mumeo na wewe muwe wadai wawili. Duka, msambazaji na mwenye chapa wawe wadaiwa. Hapo kampuni ikisema gesi si yake itabidi ilitupie duka lawama, na duka likitaka kujinusuru litatoa risiti za mahali liliponunulia. Kila mmoja anakuletea ushahidi ambao wewe usingeupata. Kabla ya hapo, andika barua kwa duka uulize jina la aliyewauzia mtungi huo na tarehe, uwape siku 14. Wakinyamaza, kunyamaza kwao ni ushahidi.

Haya yote yanategemea kitu kimoja kilicho pembeni ya nyumba yako, kwa hivyo nieleze cha kufanya na mtungi huo leo.

Kama bado una gesi, usikae nao ndani. Uwekwe nje, wima, kivulini, mbali na moto na watoto, na zimamoto wa kaunti waitwe wauhakikishe. Waombe wakuandikie walichokikuta. Bana isifunguliwe shingoni, wala washa isitolewe, hata kama fundi wa mtaani anataka "kuangalia tu". Akishaizungusha mara moja, wakili wa upande wa pili atasema yeye ndiye aliyeilegeza.

Piga picha kabla ya kuusogeza. Utaona maandishi yaliyogongwa kwenye chuma karibu na mshikio: namba ya mtungi, uzito wake ukiwa mtupu, na tarehe ya ukaguzi. Piga kila moja kwa karibu, kisha picha moja ya mbali inayoonyesha mtungi mzima mahali ulipokuwa. Kama sili ya plastiki iliyokuwa kwenye vali haijatupwa, itafute hata kwenye taka. Rangi yake na maandishi yake huweza kuonyesha kama ilitoka kwa mwenye chapa au ni ya kubandika. Kisha mtungi ufungwe kwenye gunia, gunia lifungwe kwa namna ambayo likifunguliwa itajulikana, na iandikwe nani anaushika tangu tarehe gani. Ukihama mkono, iandikwe tena na sahihi mbili.

Mtaalamu wa kuukagua awe mhandisi anayeweza kusimama mahakamani kuulizwa maswali, na ukaguzi ufanyike mbele ya pande zote. Waalike wadaiwa kwa barua yenye siku na saa. Wakikataa kuja, watakuwa na shida kuulalamikia baadaye. Ataupima kwenye mizani, kisha ataupima uvujaji kwa maji ya sabuni, na ataiangalia washa na uzi wa vali. Malalamiko kwa EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, na kwa KEBS, shirika la viwango, kuhusu vali na bana, yafanyike sambamba. Ripoti yao haikulipi kitu, lakini huletwa mahakamani.

Ujumbe wa M-Pesa usiufute. Unaonyesha namba ya duka, saa na kiasi, na ndio ushahidi wa mkataba wa mumeo. Toa pia taarifa ya miamala ya mwezi huo. Hospitalini omba muhtasari wa kuruhusiwa unaoeleza umeungua asilimia ngapi ya mwili na kina chake, na weka risiti zote, pamoja na za matatu za kwenda kliniki. Gharama zilizotumika lazima zitajwe kwenye hati na kuthibitishwa moja moja. Risiti isiyokuwepo hailipwi. Fidia ya maumivu ni jambo jingine: hakimu hutazama majeraha yanayofanana katika hukumu zilizotangulia, kwa hivyo wakili aziambatishe. Kuta na paa kama ni nyumba ya kupanga, hasara hiyo ni ya mwenye nyumba kuidai.

Kama dai lenu lote halizidi shilingi 1,000,000, Mahakama ya Madai Madogo inaweza kulisikiliza, hata la majeraha, na sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60. Kwa mikono miwili iliyoungua sana huenda likazidi, na hapo ni mahakama ya hakimu, ambayo kwa hakimu mkuu hufika milioni 20. Usilikate dai ili litoshee ule mlango mdogo kabla daktari hajasema makovu yatahitaji upasuaji au la.

Muda: dai lako la uzembe lina miaka 3, la mumeo la mkataba lina 6, kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 22. Yako huhesabiwa tangu siku ya moto, si tangu siku kampuni ilipokataa, na barua za kwenda na kurudi hazisimamishi saa. Walioko Tanzania wanaosoma haya wana miaka ileile, 3 na 6, kwa sheria yao wenyewe.

Na huo mtungi mpya. Usiupokee kwa masharti hayo. Mwenye duka akipata ule ulioungua, utarudi kwa msambazaji siku hiyohiyo, na baada ya hapo hutakuwa na cha kumpa mhandisi. Mpe picha na mwaliko wa ukaguzi. Na akija mtu wa kampuni na pesa za hospitali pamoja na karatasi ya kutia sahihi, soma kama imeandikwa kwamba umelipwa "madai yote". Ikiwa ndivyo, sahihi yako isubiri wakili aione.